Mbuzi hakufa kwa jicho, kafa kwa wali

Msimu wa harusi ukiingia, na baada ya Idi ndo zaidi, lazima utasikia mbuzi wa mtu kafa ghafla. Jana mzima anarukaruka juu ya ukuta wa mawe, leo asubuhi tumbo limemjaa, kalala ubavu, anasaga meno, adhuhuri haijafika keshakwenda. Na maneno yanayofuata mnayajua wenyewe, jicho, husda, bibi fulani alipita jana akasema mbuzi wenu kanona bila ya kusema mashallah, basi mtuhumiwa keshapatikana. Mie sikatai jicho, jicho lipo na dini imelisema, ila nauliza kitu kimoja tu, yule mbuzi usiku kala nini? Na ukiuliza vizuri utaambiwa aa, alikula ule wali na ukoko wa pilau ulomwagwa nyuma ya jiko, si chakula tu kile, sasa kimdhuru vipi.

Kinamdhuru. Na sababu yake ni ya ajabu kweli, mie mambo haya nilianza kuyasoma kwenye vitabu vya mtoto wa dada yangu anaesomea mifugo, nikawa navifungua pale tu nikisubiri chai, nikajikuta nimezama mpaka kwenye tafiti za kondoo za huko Uingereza na Australia, na siku hizi nikikaa barazani wenzangu wakisikia nimetaja neno kondoo wanahamisha mazungumzo. Basi nayaandika hapa.

Jambo kubwa ambalo mtu wa mifugo akishalielewa mengine yote yanajipanga ni hili: mbuzi, kondoo na ng'ombe hawali kile unachowapa. Wanaokula ni vijidudu vilomo tumboni mwao. Mnyama mwenyewe anaishi kwa taka za wale vijidudu, na mwisho anawameng'enya na wao wenyewe. Wewe unadhani unafuga mbuzi, kumbe unafuga bakteria, mbuzi kawabeba tu.

Tumbo la mnyama anaecheua lina vyumba vinne, na cha kwanza, kile kinachoitwa rumeni, ndo kikubwa kuliko vyote, kwa kondoo mzima kinachukua lita 10 na zaidi. Humo hamna asidi kali ya kuyeyusha chakula kama tumboni mwetu sisi, muna joto la kama nyuzi 39, oksijeni hamna, na mililita moja tu ya maji yake ina bakteria hata bilioni 10, hapo protozoa na kuvu hujawahesabu. Majani yakishuka yanachachuka humo humo kama unga wa mkate wa kumimina uliotiwa hamira, gesi inatoka, mbuzi anaicheulia nje, na asidi zinatoka. Asidi zenyewe kubwa ni tatu, asetiki ambayo ndo ile ya siki, propioniki na butiriki. Sehemu kubwa ya nguvu anayoishia mbuzi, zaidi ya nusu yake, inatoka kwenye hizo asidi tatu.

Na hili si la zamani sana kujulikana. Watu walijua majani yanachachuka, ila hizo asidi zinakwenda wapi ndo palikuwa na ubishi. Mwaka 1944 Joseph Barcroft na wenzake wawili pale Cambridge wakatoa matokeo yao, walichofanya ni kupima damu inayotoka kwenye tumbo la kondoo na wanyama wengine, wakaona damu inayotoka kwenye ukuta wa rumeni imejaa zile asidi, yaani zinapenya ukuta pale pale zinaingia mwilini, hazisubiri kufika kwenye utumbo mwembamba. Vita vya dunia vinapigwa, wao wanahangaika na damu ya kondoo! Na siku hizi wapo kondoo na ng'ombe wa utafiti wametobolewa ubavuni wakawekewa kizibo, mtafiti anafungua, anaingiza mkono, anatoa kiasi anachotaka kupima, anafunga, na mnyama huyo anaendelea kula zake na kuishi miaka. Mara ya kwanza nilipoona picha nilisema astaghfirullah, lakini ndo mambo mengi yalivyojulikana.

Sasa pana uhondo mwengine hapa. Sisi tukila wali au muhogo wanga unakuwa sukari, sukari inaingia kwenye damu. Mbuzi hapati hiyo. Sukari yote na wanga karibu wote wanamalizana nao bakteria huko juu, inayofika kwenye damu kutoka kwenye chakula ni kidogo mno. Lakini ubongo wake unataka sukari, mtoto tumboni anataka sukari, maziwa yanataka sukari. Basi ini linafanya kazi ya kuitengeneza upya, na malighafi kubwa ni ile asidi ya propioniki. Kila siku ya maisha yake ini la mbuzi linatengeneza sukari, alale ashibe au alale njaa. Ndo mana mbuzi au kondoo mwenye mapacha, mwezi wa mwisho wa mimba, akikosa chakula kizuri siku chache tu anaanguka, anasimama pembeni anazubaa, macho haoni vizuri, pumzi ina harufu tamutamu, kwa sababu watoto wanavuta sukari kuliko ini linavyoweza kutengeneza, mwili unaanza kuyeyusha mafuta kwa fujo na sumu zake zinajaa kwenye damu. Na tumbo lenyewe limeshabanwa na watoto, hata akipewa majani tele hayaingii ya kutosha. Huyo anataka chakula kidogo kilicho kizuri zaidi, tena wiki kadhaa kabla, si siku kaanguka.

Haya turudi kwenye wali. Bakteria wa rumeni si aina moja, wapo wanaopenda majani makavu, hawa wanakwenda taratibu, na wapo wanaopenda wanga, hawa wakiupata wanazaliana kwa kasi ya kutisha. Mbuzi alozoea majani ana wale wa majani wengi na wale wa wanga wachache. Ghafla usiku mmoja anakula beseni zima la wali. Wale wachache wanalipuka, wanatoa asidi nyengine, ya laktiki, ambayo ni kali mno kuliko zile tatu, na bakteria wa kuimaliza wapo ila hawajawa wengi bado, wanachelewa. Uchachu unapanda, bakteria wa majani wanakufa, mwisho hata wa wanga wenyewe wanapokezana na wengine wanaopenda uchachu zaidi, tumbo linaacha kusukuma, maji ya mwilini yanavutwa yanaingia tumboni, mnyama anakauka huku tumbo linabwata maji, na asidi inaingia kwenye damu. Kifo hicho.

Halafu kuna la mate. Hili mie lilinifurahisha. Kondoo anatoa mate lita 6 mpaka 16 kwa siku, na mate hayo yana magadi ya kupooza asidi. Lakini anayatoa akitafuna na akicheua. Majani magumu yanamcheuisha masaa kwa masaa. Wali umeshapikwa, laini, anaumeza tu, cha kucheua hamna, kwa hiyo siku anayohitaji mate kuliko zote ndo siku anayatoa machache kuliko zote. Unaona mambo hayo?

Basi si kwamba wali ni haramu kwa mbuzi. Wanaonenepesha ng'ombe kwa mahindi huko kwenye mashamba makubwa wanaanza kidogo kidogo, wanaongeza kwa wiki mbili tatu, bakteria wanajipanga upya, wanazoea. Ukiwa na pumba, maganda ya muhogo, machicha, wape kwa kipimo na wape majani kwanza. Na ukimkuta keshakula beseni, muite bwana mifugo saa hiyo hiyo asije na magadi kukutana na maiti, na usimuongezee chakula eti apate nguvu.

Hadithi ya kobalti, madini fulani yanayotakiwa mwilini kwa kiasi kidogo mno, ndo niipendayo kuliko zote. Pwani ya kusini ya Australia, kwenye michanga ya chokaa, walowezi walipeleka kondoo na kondoo wakawa wanakonda mpaka wanakufa, majani ya kijani yamewafika magotini. Hawana minyoo ya kutosha kueleza hali ile, hawana homa, damu tu imepauka, ukimfunua jicho ndani ni jeupe, hamu ya kula imekwisha. Farasi kwenye malisho yale yale wananawiri! Na wakiwahamisha wale kondoo kwenda malisho ya mbali kidogo wanapona. New Zealand nako hivo hivo, Scotland hivo hivo, na hata kwa jirani zetu Kenya ng'ombe wa upande wa Nakuru walikuwa nao ugonjwa huo mpaka wazungu wakaupa jina la mji, Nakuruitis.

New Zealand waligundua kwamba wakiwapa wanyama aina ya udongo wenye chuma wanapona, wakahukumu, ni upungufu wa chuma. Ilikaa miaka hukumu hiyo. Shida ni kwamba dozi ilokuwa inaponya ilikuwa kubwa kupita kiasi, chuma gani hicho mnyama anataka namna hiyo, na baadhi ya udongo wenye chuma tele hauponyi kabisa. Eric Underwood na John Filmer kule Western Australia wakafanya kitu cha akili sana, wakauchukua udongo ule, wakatoa chuma chote, wakawapa kondoo kile kilobaki. Kondoo wakapona. Basi si chuma. Wakaendelea kuchambua kilobaki mpaka wakafika kwenye kobalti, 1935, na mwaka huo huo Hedley Marston na wenzake Adelaide nao wakatoa ya kwao kwamba kobalti ndo dawa. Na kiasi chenyewe kinachotakiwa ni kichekesho, karibu sehemu ya kumi ya miligramu kwa kila kilo ya majani makavu. Hukioni kwa macho.

Ila hapo ndo kitendawili kikazidi, kwa sababu wakimpa kondoo kobalti kwa mdomo anapona, wakimpiga sindano ya kobalti haponi. Watu wakakuna vichwa zaidi ya miaka 10. Jibu likaja kutokea upande ambao hakuna alokuwa anaangalia, kwenye maradhi ya binadamu. Kuna ugonjwa wa upungufu wa damu ulokuwa unaua watu, na tokea 1926 madaktari wa Marekani walijua kwamba mgonjwa akilishwa maini kwa wingi anapona, ila ndani ya ini kuna nini hasa hawakujua. 1948 wakakitoa, Marekani na Uingereza karibu kwa pamoja, fuwele nyekundu, ndo vitamini B12, na walipoichunguza wakakuta katikati yake kuna chembe moja ya kobalti. Umbo lake lote likachorwa na Dorothy Hodgkin kwa miale ya eksirei miaka ya 1950, kazi ilomsaidia kupata Nobel mwaka 1964.

Basi kumbe! Bakteria wa rumeni ndo wanaochukua kobalti kwenye majani wakatengeneza B12, mimea haina vitamini hiyo na mnyama hawezi kuitengeneza, ni bakteria peke yao. Sindano inaipeleka kobalti kwenye damu, bakteria hawaioni, haifai kitu. Ukimpiga sindano ya B12 yenyewe anapona, na hilo lilithibitishwa. Na kwanini kondoo akonde vile? Kwa sababu B12 ndo inayotakiwa mwilini ili ile asidi ya propioniki igeuzwe sukari. Rudi juu ukasome tena habari ya ini. Kondoo yule alikuwa anakula, bakteria wanachachua, asidi inaingia kwenye damu, na ini limekaa nayo haliwezi kuitumia. Kafa njaa tumbo limejaa. Farasi anameng'enya wanga wake mwenyewe kabla ya vijidudu vyake vya nyuma kuupata, kwa hiyo hana haja kubwa hivo.

Marston na wenzake baadae, 1958, wakaja na risasi. Kidonge kizito cha kobalti, kondoo anamezeshwa mara moja, kwa uzito wake kinatulia tumboni hakitoki, kinayeyuka kidogo kidogo muda mrefu. Vikawa vinapata ukoga wa chokaa juu, vinaacha kufanya kazi, wakamezesha na kiskurubu cha chuma pamoja nacho, vikigongana tumboni ukoga unasagika. Mie hapo nilicheka peke yangu.

Mtu wa Makunduchi au Michamvi akisikia michanga ya chokaa ya pwani lazima ashtuke, sisi kule mashariki ya Unguja tumekalia matumbawe matupu. Ila upungufu wa madini hauamuliwi kwa kuangalia mawe, unapimwa, damu na maini na majani yanapelekwa maabara, na mbuzi alokonda kwetu mtu wa kwanza kumshuku ni minyoo, si kobalti.

Na kwa watu wa huko huko, tena wa Pete na Jozani, nna habari yenu. Kima punju. Mnyama huyu tunaye sisi tu duniani, na tumbo lake limegawika vyumba na lina bakteria wa kuchachua majani kabla ya kumeng'enya, yaani kwa tumbo yupo karibu na mbuzi kuliko na wewe. Ndo mana utamuona anakula majani machanga na matunda mabichi, ndizi mbivu na embe tamu zinazomfaa kima wa kawaida yeye hana hamu nazo, sukari nyingi itamfanya yale yale ya mbuzi na wali. Sasa wale wanaoishi pembezoni mwa msitu, kwenye mashamba, wanakula majani ya mikungu, ile miti inayozaa kungu, na ya miembe ambayo yana protini nzuri lakini yana dawa kali ndani yake, fenoli, za kuzuia usagaji. Na watu wote wa pale wanajua, kima punju anakula mkaa. Anauchukua kwenye tanuri, kwenye visiki vilivyoungua, anakimbia nao kakamata mkononi anatafuna. Wazee walikuwa wanasema mnyama mharibifu tu, anatutia hasara. Mwaka 1997 Thomas Struhsaker na wenzake wakachapisha utafiti wao wa mkaa ule, wakauchanganya na maji ya majani ya mkungu na mwembe, wakaona mkaa unazinasa zile fenoli vizuri sana. Mnyama anakunywa dawa! Na inaonekana watoto wanajifunza kwa mama zao. Mie nikisoma utafiti wa Australia nafurahi, ila huu ulifanyika kwetu, na ukiuliza skuli ni wangapi wanaufundisha sijamuona mwalimu hata mmoja.

Lusina nayo ina yake. Mti huu umeota kila kando ya barabara na mbuzi wanaupenda, protini tele, ila una sumu iitwayo mimosini, mnyama akiula kwa wingi manyoya yanamtoka na tezi la shingo linavimba. Australia ng'ombe wao walikuwa wanaumwa, na mtafiti mmoja, Raymond Jones, akajiuliza mbona mbuzi wa Hawaii wanaula tu hawana neno. Akakisia tofauti ipo kwenye bakteria, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakachukua maji ya rumeni ya mbuzi wa Hawaii wakayasafirisha mpaka Australia, wakawamiminia ng'ombe wachache wa kule, na kinga ikaenea kwa wenzao kwenye malisho. Bakteria yule akaja kupewa jina la Jones, Synergistes jonesii. Kwa mfugaji wa kwetu asiejua bakteria wa mbuzi wake wakoje, lusina iwe sehemu ndogo ya malisho, mchanganye na majani mengine.

Majani ya muhogo mchungu msiwape mabichi. Yana sumu ndani yake, na bakteria wa rumeni ndo wanaifungua haraka zaidi. Yaanikwe kwanza.

La mwisho ni shaba, na hapa kondoo na mbuzi wanaachana. Huko Orkney, kaskazini ya Scotland, kuna kisiwa cha North Ronaldsay kina kondoo wanaokula mwani. Mwaka 1832 watu wa kile kisiwa walijenga ukuta wa mawe kukizunguka, si kuwafungia kondoo ndani, kuwafungia nje, majani ya ndani wale ng'ombe, kondoo wabaki ufukweni na mwani wao. Mwani unawapa shaba kidogo tu, kwa hiyo kizazi kwa kizazi miili ya wale kondoo imekuwa hodari kupita kiasi wa kuivuta. Ukiwaweka kwenye majani ya kawaida, yenye shaba ya kawaida ambayo kondoo mwengine haimdhuru, wanakusanya mpaka wanakufa kwa sumu. Na kondoo wote duniani wana udhaifu huo, wao umezidi tu. Shaba inajikusanya kwenye ini miezi, mnyama yupo mzima, huoni kitu, halafu siku moja akipata mshtuko, safari, njaa, mimba, ini linaiachia yote kwa pamoja, damu inapasuka, macho manjano, mkojo wa rangi ya kahawa, siku mbili hayupo. Huyo naye ataambiwa kapigwa jicho.

Kwa hiyo wale wachache mnaofuga kondoo, ukinunua jiwe la kulamba au chumvi ya madini, angalia kama imeandikwa ya kondoo, ya ng'ombe mara nyingi imetiwa shaba ambayo kondoo hahimili, na chakula cha kuku vilevile, hata mbolea ya kuku ambayo wengine wanachanganya kwenye malisho. Muuzaji akikwambia mifugo yote sawa hii, mshukuru uondoke. Mbuzi anastahimili zaidi, na wakiwa banda moja na kondoo basi lifuatwe jiwe la kondoo.